Shoki Ndefu

Kitu kinachoniudhi katika kazi yangu ni kupimiwa kitu kwa simu. Mtu aniletee injini iliyokufa kabisa, nitaifungua, nitaitukana, mwisho itawaka. Lakini mtu akiniambia, "Fundi, urefu wake ni kama hivi," na mimi simwoni mikono, moyo unanidunda. Na kilichonifundisha kuogopa hivyo ni harusi moja ya kisiwani Ndau.

Mimi ni mtu wa bara. Gereji yangu iko Mokowe, nyuma ya maduka ya karibu na jeti ya boti. Natengeneza injini za boti, pikipiki, jenereta na chochote kinachokataa kuwaka. Zamani wanaume walikuwa wakifika gerejini wananiuliza, "Mwenyewe yuko wapi?" Nami nawajibu yuko msalani, wamsubiri. Wakichoka kusubiri wananionyesha ubovu wao. Siku hizi hawaulizi tena, wananiita Bi Fundi, na shida ikiwabana ninakuwa Bi Fundi wangu.

Mmoja wa wateja wangu ni nahodha wa boti ya abiria, mtu wa Ndau. Kaka yake mkubwa alianguka kutoka paani akiezeka makuti, akaumia mgongo. Hakufa, alhamdulillahi, lakini miguu ilikataa kumbeba tangu siku hiyo. Alikuwa akibebwa kwenda chooni, akibebwa kwenda barazani, akibebwa kwenda msikitini, mpaka akaacha kutaka kwenda popote. Wanawe walioko Mombasa wakamtafutia kwadi, ile pikipiki ya magurudumu manne. Ilikuwa kuukuu, imekwisha kubebeshwa mizigo ya watu ufukweni na chumvi imeitafuna, lakini ilimfaa kwa sababu haitaki miguu. Gesi yake ni ya kidole gumba, breki ni ya mkono, na gia zinajipanga zenyewe. Yeye alikuwa akijivuta kwa mikono kutoka kwenye kiti mpaka juu ya kwadi, na akishawasha, Ndau nzima yake.

Halafu shoki ikafa. Shoki ni ile springi na bomba lake la mafuta linalozuia mtu asirushwerushwe. Kwadi ile ina moja tu kwa nyuma, chini ya kiti. Springi ilikatika, mafuta yakamwagika, kiti kikashuka kikalalia magurudumu. Na binti yake wa pekee alikuwa karibu kuolewa.

Nahodha alinieleza haya gerejini kwangu, amekaa juu ya tairi, uso umemshuka. Kwao baba ndiye walii. Ndiye anayemshika mkono bwana harusi mbele ya watu na kumwambia nimekuoza. Akishindwa anaweza kumpa mtu uwakili, na mtu mwenyewe angekuwa huyu nahodha, ami wa bibi harusi. Watu wote walikwisha kuridhia, ila mwenye mtoto.

"Kaka asema hatobebwa," akaniambia. "Asema hatomuoza binti yake naye mwenyewe kabebwa kama gunia la mtele."

"Na kwadi isipotengenezeka?"

"Nitaoza mimi, na yeye atalala ndani uso kaupa ukuta. Namjua."

Nilimwambia arudi Ndau, aifungue ile shoki, anipimie, aniambie. Ya aina ile haikuwepo tena, hata madukani Mombasa walinicheka. Lakini Mpeketoni kuna mtu anayeuza vyuma vya pikipiki zilizokufa, na nilijua ana kwadi moja ya shambani ya aina nyingine, kubwa kidogo, shoki yake bado nzima. Kilichobaki kilikuwa urefu.

Alinipigia siku iliyofuata. Upepo ulikuwa unavuma kwenye simu, injini ya boti inanguruma, mtu anamwita mtu. Akanipa kipimo. Nikamuuliza, kwa sababu hapo ndipo watu hukosea, "Shoki ina matundu mawili ya bolti, la juu na la chini. Yale macho yake. Umepimia ndani ya macho au nje?"

"Nde," akasema, na simu ikakatika.

Nikajua network imemkata katikati ya neno, nikamalizia mwenyewe: ndani. Kumbe alikuwa amemaliza. Kwao nje ni nde, kama njia ilivyo ndia na chini ilivyo tini. Nde nimeisikia huku kila siku ya Mungu, nimefokewa nitoke nde, nimeambiwa mvua inanyesha nde, na siku hiyo moja ndipo masikio yangu yakaamua kurudi bara. Nikayaongeza kwenye kipimo macho ambayo yalikwisha kupimwa. Nikaenda Mpeketoni, nikaichukua shoki, nikarudi nayo Mokowe nimeikumbatia, najisifu njia nzima.

Tulivuka asubuhi ya harusi kwa boti ya nahodha. Yeye mwenyewe alinipangia siku yote tukiwa majini. Watu wa bwana harusi wangefika adhuhuri maji yakiwa yamejaa. Nikahi ingekuwa msikitini baada ya sala ya alasiri, na mara tu baada ya hapo waondoke, kwa sababu maji yakipwa boti yao ingelala kwenye matope mpaka usiku wa manane. Hakuna wa kumsubiri mtu.

Nyumba ilikuwa imejaa wanawake. Sufuria za pilau zilikuwa uani, moshi unatuingia machoni, na kwenye kona chini ya kivuli cha ukuta kwadi imelala na makalio chini. Mwenye kwadi alikuwa amekaa kando yake kwenye kiti cha mbao. Alikuwa mtu mwembamba, ndevu zimechanwa vizuri, mabega mapana kwa ajili ya kule kujivuta. Mke wake alinisalimia, akaniwekea chai na mahamri juu ya ndoo iliyofunikwa, akarudi kwenye sufuria zake.

"Bi Fundi," yule bwana akaniambia, "mimi sina maneno mengi. Nataka kufika msikitini na kukaa wima."

"Utafika," nikasema. Mdomo wangu una haraka kuliko mikono.

Nikatoa shoki mbovu. Nikapaka grisi, nikaingiza mpya juu, bolti ikapita vizuri, nikashuka chini kuingiza upande wa pili. Tundu la shoki lilikuwa limepita tundu la kwadi kwa upana wa vidole vitatu. Nikainua, nikashusha, nikasukuma kwa goti. Vidole vitatu.

"Haingii?" nahodha akauliza.

"Imezidi! Imezidi urefu! Ulinipimia nini wewe, shoki au mlingoti?"

"Nilipima sawasawa!"

"Uliniambia umepimia ndani ya macho!"

"Ndani? Mimi? Nilikwambia nde!"

"Ndiyo, ndani!"

"Nde! Nde! Nde ni nde, wallahi, nde ya nyumba, nde ya mlango!" Akatoka mbio nje ya ua, akasimama kule, akapiga kelele, "Hapa! Hapa nilipo ni nde!"

Wanawake wa kwenye sufuria walicheka mpaka mmoja akaangusha mwiko. Yule bwana hakucheka. Alisubiri kelele ziishe, akaniambia taratibu, "Bi Fundi, kanzu yangu imepigwa pasi. Nivae, au nisivae? Nambia kweli."

Niliogopa. Sijawahi kumwogopa mteja, hata wale wanaokuja na panga mkononi, lakini huyu nilimwogopa kwa sababu hakuwa na hasira hata kidogo.

"Vaa," nikasema.

Kuilazimisha shoki ingekuwa upuzi. Kwadi ingeinuka matako juu, cheni ingesugua chuma, na yeye asingeweza kujivuta mpaka kwenye kiti. Njia ilikuwa moja tu, kupandisha juu mahali pa kushikia shoki. Nilihitaji vipande viwili vya chuma bapa, vitoboke matundu, vifungwe kwenye masikio ya fremu yanayoishika shoki, viinuke juu yake kiasi cha vile vidole vitatu. Chuma bapa kilikuwepo. Nyuma ya nyumba palikuwa na mashua mbovu, nahodha akavunja vyuma vya usukani wake akiwa bado anaongea peke yake neno lile lile. Drili yangu ya betri ilikuwa na chaji ya kutosha, kwa shida. Nikatoboa, nikapiga tupa, vidole vikachubuka.

Kilichonikosesha raha ni bolti. Za kwangu mbili ngumu zilitosha kwenye matundu ya zamani. Kwa tundu jipya la juu nilitaka ndefu zaidi, na Ndau nzima ndefu zilizokuwepo ni za boti. Zinang'aa, hazishiki kutu, watu wa huku wanaziamini kuliko kitu chochote. Kwenye boti ni nzuri. Chini ya mtu mzima anayerushwarushwa ni laini. Nilijua. Nilimwambia nahodha, naye akanijibu, "Hiyo yashika nanga, haitashika mtu?" Sikuwa na nyingine. Nilikuwa naikaza pale adhana ya alasiri ilipoanza.

Nikapanda mwenyewe juu ya kiti, nikajirusha kwa nguvu zangu zote. Ikashika. Nikajirusha tena, ikashika. Mke wa bwana alikuwa amesimama mlangoni na mwiko mkononi, ananitazama. "Yashika?" akauliza. Nikamwambia inashika. Sikumwangalia usoni.

Yule bwana akatolewa ndani amevaa kanzu nyeupe na kofia ya vito iliyodariziwa kwa mkono. Aliwaambia wamwache hapo. Akashika usukani kwa mkono mmoja, kiti kwa mkono mwingine, akajivuta. Mishipa ya shingo ilimtoka. Hakuna aliyemsaidia. Akakaa, akaweka mguu wa kulia mahali pake kwa mkono, akaweka wa kushoto, akatengeneza kanzu. "Bismillahi," akasema, akaiwasha.

Sala ilikuwa imekwisha, watu wanamsubiri msikitini. Nahodha alitangulia mbele kufukuza punda. Mimi nilifuata nyuma nimeinama, na sikuona nyumba wala watu wala njia, niliona bolti ile tu. Inang'aa pale chini ya kiti. Kila gurudumu lilipozama kwenye mchanga nilisema kimyakimya, shika, mama yangu, shika. Watoto walikuwa wakishangilia, nikatamani niwachape wote.

Ukuta wa msikiti ulikuwa unaonekana tuliposikia mlio. Kuna kidato cha jiwe pale kwenye kona, mtu anayetembea hakioni hata. Gurudumu la nyuma lilipanda, likashuka, na bolti ikakatika kama biskuti. Kiti kikaanguka juu ya magurudumu. Yule bwana akarudi nyuma, miguu yake haikuweza kumzuia, kofia ikaruka, injini ikazimika, akabaki ananing'inia kwenye usukani kwa mikono, mwili unateleza kuelekea mchangani.

"Shika hivyo hivyo!" nikapiga kelele. "Usiachie!"

Nahodha na wanaume wengine wakaja mbio na mikono imenyooshwa. "Msinishike!" akawaambia. "Mtu asinishike!"

Wakasimama. Mimi nilikuwa tayari niko chini. Niliingia chini ya ile kwadi kwa tumbo, nikapachika mgongo kwenye chuma cha nyuma, nikajikaza nikainuka kwa magoti. Kiti kikapanda. Nikamsikia akipumua juu yangu, akijivuta mbele, akikaa sawa. Nahodha akasukuma kigogo chini ya fremu, kigogo kikazama mchangani, akaleta jiwe, nalo likazama. Kila nilipojaribu kutoka kiti kilishuka. Basi nikakaa. Mafuta ya cheni yalikuwa yananidondokea shingoni, leso imenitoka kichwani, na nilikuwa nalia kwa hasira. Nilimharibia mtu siku yake. Ningeweza kusema ni network, ni nahodha, ni bolti, lakini mtu mwenyewe alikuwa juu ya mgongo wangu.

Nikasikia nyayo nyingi. Walikuwa wametoka msikitini. Nilikotazama niliona miguu tu, ndara, viatu vipya vya ngozi, pindo za kanzu. Sauti ya mtu mzima ikauliza walii yuko wapi. Alikuwa imamu.

"Niko hapa," yule bwana akasema.

"Bwana, maji yatoka. Hawa wana safari. Mpe nduguyo uwakili tumalize."

"Simpi. Mimi mzima, nimekaa, nina akili zangu. Hapa nilipofika ndipo nilipofika."

Mtu mmoja akakohoa. Nilingoja nahodha aseme ndiyo, nitaoza mimi, maana ilikuwa haki yake na boti za watu zinasubiri. Badala yake nikamsikia karibu na sikio langu, ananong'ona, "Bi Fundi, waweza kukaa kidogo?"

"Niko katikati ya nikahi yenu! Mimi mwanamke, Mkristo, nimejaa grisi!"

"Kaa papo."

"Nani huyo tini?" imamu akauliza.

"Fundi," yule bwana akamjibu. "Ndiye aliyenishika."

Nikaona pindo za kanzu ya imamu zinashuka mpaka mchangani. Akakaa. "Basi asitoke mpaka tumalize," akasema. "Kaani chini nyote. Nikahi haitaki paa." Wote wakakaa, pale pale njiani, kwenye mchanga uliopitwa na punda. Mmoja alicheka, akanyamazishwa.

Hotuba ilikuwa ndefu, na sijui kama ilikuwa ndefu kweli au ni mgongo. Mapaja yalianza kutetemeka. Halafu viatu vipya vya ngozi vikasogea mpaka karibu na uso wangu, vikasimama kwa ncha za vidole, maana bwana harusi alikuwa amechuchumaa na ilibidi ajinyooshe kuufikia mkono wa mkwewe. Imamu akasema maneno, yule bwana akawa anayafuata. Sauti yake ilikuwa imara. Akasema nimekuoza binti yangu, akalitaja jina, na watu wakaanza kunong'ona.

Alikuwa amekosea. Hakutaja jina la kweli la binti, alitaja jina la nyumbani, lile la utotoni nililowasikia wanawake wakimwitia kutoka uani, ambalo nadhani hakuna mwanamume mgeni aliyekuwa na haki ya kulisikia. Imamu akamwambia kwa upole, "Jina lake, bwana." Nilihisi fremu inatikisika mgongoni, kidogo kidogo, na injini haikuwa ikiwaka. Nikasema moyoni, ee Mungu, asianguke sasa. Akavuta pumzi, akaanza upya tangu mwanzo, akalitaja jina la kweli mpaka mwisho bila kukwama. Kijana akajibu kwamba amekubali. Watu wakainua mikono wakaomba dua, na mimi nikaomba yangu.

Walipomaliza wageni walimpa mkono mmoja mmoja, wakakimbilia maji yao. Alipobaki na watu wake, nikasikia akisema, "Haya. Sasa nibebeni."

Nahodha na bwana harusi, aliyebaki kwa fungate, ndio waliombeba. Nikatoka chini ya kwadi nikiwa siwezi kunyooka, nikarudi nyumbani kwao kwa njia ya nyuma nimeshika kiuno. Nilitaka kuchukua spana zangu na kutoweka. Lakini wanawake walikuwa wakinisubiri. Habari ilikwisha kufika kabla yangu, na mke wa bwana alinishika mkono, grisi na yote, akaniingiza chumba cha ndani ambako mimi si mtu wa kuingia.

Bibi harusi alikuwa amekaa juu ya kitanda kilichotandikwa, na wanawake wote chumbani wakanigeukia. Nilidhani nitalaumiwa, nikaanza kujitetea. Nikaeleza habari ya bolti.

"Sitaki bolti," bibi harusi akasema. "Ulikuwepo?"

"Nilikuwepo. Chini yake."

"Ulimsikia babangu?"

Hapo ndipo nilipoelewa. Wanaume walisikia, lakini hakuna mwanamume atakayekuja kumsimulia mwanamke sauti ilivyokuwa. Wao wangesema ndoa imefungwa, alhamdulillahi, basi. Mama yake hakuwepo, shangazi zake hawakuwepo, yeye mwenyewe hakuwepo. Katika wanawake wote wa nyumba ile ni mimi tu niliyesikia.

"Nilimsikia," nikasema. "Alikosea jina lako mara ya kwanza."

Mama yake akaziba mdomo. Bibi harusi akanitazama, macho makavu, meupe. "Alisema lipi?"

"Lile lenu la hapa ndani."

"Liseme," akaniambia. "Liseme kama alivyolisema yeye."

Nikalisema.